Zambi, ugonjwa, ao mazingira? Tupime modeli za ulevi



Karibu kila familia ya hapa Kivu iko na jina moja lenye kutajwa kwa sauti ya chini. Inaweza kuwa jina la njomba, la kaka mukubwa, la mwalimu aliyestaafu, hata la mama. Siku jina hilo linatajwa, maneno yenye kufuata ni yale yale. Mumoja anasema: «Ule hana haya, anapenda paka chupa.» Mwingine: «Ni ugonjwa, tumupeleke ku lopitali.» Wa tatu: «Ni roho mubaya, aingie ku maombi.» Na kijana mwenye diploma anaongeza: «Mumuache, shomaje njo inamukunywisha.»

Tunafikiri ni maneno tu ya watu wenye kukasirika. Lakini kila neno kati ya yale liko na modeli nyuma yake: maelezo juu ya fasi ulevi unatoka, na dawa yenye kufuata yale maelezo. Modeli hizo ziko na miaka, ziko na vitabu, ziko na wanasiyanse waliozitetea na wengine waliozipiga. Hapa ninataka kuzipima moja moja. Mizani yangu ni nyepesi. Naiuliza kila modeli: kesho asubui unaiambia familia ifanye nini, na kile kitu kinasaidia, kinapoteza wakati, ao kinaua?

Mimi ni agronome, siko munganga, na sitaandikia mutu dawa. Lakini kusoma magonjwa ya mimea kulinizoeza kuwa na mashaka na kila mutu mwenye kueleza ugonjwa kwa sababu moja tu. Njo jicho ninaloleta hapa.

1. Modeli ya zambi na aibu

Ni ya zamani kuliko zote, na bado njo yenye nguvu kwetu. Inasema mulevi ni mutu mwenye kuchagua vibaya. Dawa yake ni kugombezwa, kunyimwa feza, kufungiwa ndani, kufunga chakula, ao kufukuzwa.

Tusiicheke haraka. Kuna kitu inaona vizuri, na modeli zingine zinakisahau: kuna watu wanaoumizwa. Minervale ya watoto inaisha ku nganda. Bibi anapigwa. Mutu akisikia kwamba yeye ni mugonjwa tu na hana lolote la kujibu, anaweza kutumia neno lile kama kivuli cha kujificha. Modeli ya zambi inakataa kivuli hicho, na kwa hiyo iko na haki.

Lakini tuitie ku mizani: kesho asubui familia inafanya nini? Inamufungia mulevi ndani siku tatu bila tone, «juu ajifunze». Hapa njo modeli inaanza kuua.

Tueleze ginsi inapita. Alkoli inatuliza ubongo, inafanya kazi kama freni. Mutu akikunywa mingi kila siku kwa miaka, ubongo wake unajipanga upya: unakanyaga mafuta zaidi ili utembee hata freni ikiwa imeshikwa. Sasa ondoa freni gafula. Ubongo unabaki na mafuta yote, hakuna kitu cha kuuzuia. Kisha saa chache mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio. Katika siku mbili za kwanza mutu anaweza kuanguka kifafa. Karibu siku ya pili ao ya tatu, kwa wengine, kunakuja hali ambayo waganga wanaita delirium tremens: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu na watu ambao hawako. Bila matunzo, hali hiyo inaweza kuua. Kuacha heroini ni mateso makubwa, lakini kuacha alkoli gafula ni hatari zaidi kwa maisha ya mutu mwenye mwili uliyoizoea. Wengi wetu tunafikiri ni kinyume.

Angalia sasa mutego. Familia inamufungia mutu. Siku ya tatu anaanza kupiga makelele, anaona nyoka ku ukuta, anaongea na watu waliokufa. Watu wanasema: «Munaona? Pepo linatoka.» Yaani modeli inaleta madara, kisha inatumia yale madara kama ushuhuda kwamba ilikuwa na haki. Modeli yenye kujihakikisha yenyewe namna ile haiwezi kusahihishwa na mambo yenye kuonekana, na kwa mutu wa siyanse hilo ni kosa kubwa.

Siseme kitu juu ya maombi yenyewe. Mutu aombe, na aombewe. Ninasema juu ya kufungia na kufungisha mutu anayetetemeka. Pasteri mwenye kujua jambo hilo moja anaweza kuokoa maisha mingi: ule mwenye kutetemeka asubui mbele ya glasi ya kwanza apite kwanza kwa munganga, kisha maombi yaendelee.

2. Modeli ya ugonjwa

Wengi wanafikiri wazo kwamba ulevi ni ugonjwa ni la leo. Hapana. Katika mwaka wa 1784, Benjamin Rush, munganga wa Philadelphia na mumoja wa waliotia sahihi ku tangazo la uhuru wa Marekani, aliandika kitabu kidogo juu ya madara ya pombe kali ku mwili na ku akili. Katika mwaka wa 1849, munganga wa Sweden Magnus Huss alitoa neno lenyewe, alcoholismus. Katika 1956 shirika la waganga wa Marekani lilisema walevi wapokelewe ku lopitali kama wagonjwa wengine. Katika 1960 E. M. Jellinek alitoa kitabu The Disease Concept of Alcoholism. Na katika 1997 Alan Leshner aliandika kwamba uzoefu wa madawa ya kulevya ni ugonjwa wa ubongo.

Faida ya modeli hii ni kubwa. Ilitoa walevi ku gereza, ikawaingiza ku lopitali. Ilifanya watu watafute dawa. Disulfiramu ilitoka Danemark katika miaka ya 1940: mutu akikunywa juu yake, anasikia vibaya sana. Naltreksoni, yenye kupunguza utamu wa pombe, ilikubaliwa Marekani kwa kazi hiyo katika 1994. Hakuna hata moja yenye kufanya muujiza, lakini ziko na musaada wa kweli kwa sehemu ya wagonjwa. Juu ya kule kutetemeka nilikoeleza, waganga wako na dawa za kutuliza ubongo polepole, na wako na vitamini B1. Hiyo B1 tuitilie alama. Mulevi wa miaka mingi mara mingi anaikosa, na kuikosa kunaweza kuharibu ubongo: macho yanachanganyikiwa, miguu inayumba, kumbukumbu inakwenda. Waganga wanafundishwa kuipatia mbele ya seromu ya sukari, ao pamoja nayo, juu sukari peke yake inaweza kuzidisha shida. Vitamini hiyo haiko ya bei kali.

Sasa ukosoaji. Wa kwanza ni juu ya musingi. Picha maarufu ya mulevi mwenye kuteremuka ngazi kwa ngazi, mpaka aguse chini, ilitoka kwa sehemu kubwa katika kazi ya Jellinek ya mwaka wa 1946. Ile kazi ilisimama ku maulizo yaliyotumwa kupitia gazeti la Alcoholics Anonymous, na alitumia majibu ya wanaume 98. Majibu ya wanawake aliyaweka pembeni. Mwanafunzi wa lisansi akileta memwari ya namna ile, jiri itamuuliza: sampuli yako ilitoka wapi, na wengine wako wapi? Jellinek mwenyewe alikuwa mwangalifu. Waliomufuata njo walisahau. Katika kitabu chake cha 1960 alitofautisha namna tano za walevi, na alikubali kuita ugonjwa sehemu yao tu. Moja kati ya zile namna ni ya mutu mwenye hapotezi usukani siku moja, hafanyi vurugu, lakini hawezi kupitisha hata siku bila kukunywa. Aliiona sana katika inchi za divai kama Ufaransa. Sisi tunaijua katika vijiji vya kasiksi: mzee mwenye heshima, haanguki, hatukani mutu, lakini mukono unatetemeka mpaka kibuyu kifike. Hakuna mutu anamuita mulevi. Njo maana akilazwa ku lopitali kwa mufupa uliovunjika na kunyimwa pombe, siku ya tatu wote wanashangaa.

Ukosoaji wa pili: «mulevi mara moja, mulevi kwa maisha yote». Mahesabu makubwa yaliyofanywa Marekani katika 2001 na 2002 ku maelfu ya watu wa kawaida ndani ya nyumba zao yalionyesha kitu kingine. Kati ya wale waliokuwa watumwa wa pombe mbele ya mwaka uliotangulia maulizo, karibu robo moja tu njo walikuwa wangali hivyo kabisa. Na karibu robo moja tu njo walikuwa wamepata matunzo yoyote siku moja. Wengi walitoka ku shimo bila lopitali. Kwa hiyo njomba yako akisema «mimi niliacha kwa maombi tu» ao «niliacha siku niliooa», usimuite muongo. Lakini hata yeye asifanye historia yake kuwa sheria kwa wote, juu wale wenye mwili uliozoea zaidi hawafanani na yeye.

Ukosoaji wa tatu ni ule wa visanduku viwili: uko mulevi ao hauko. Siyanse yenyewe imeviacha. Kitabu cha waganga wa akili wa Marekani, DSM-5 cha mwaka wa 2013, kinahesabu alama 11. Mbili ao tatu ni shida nyepesi, ine ao tano ni ya katikati, sita na kupita ni nzito. Ni mutelemuko, haiko ukuta. Na katikati ya ule mutelemuko kuna wengi wetu wenye digrii, tunaosema «mimi siko kama ule wa pale» kila juma posho usiku.

3. Modeli ya kikundi

Katika mwaka wa 1935, ku Akron, Ohio, Bill Wilson, mutu wa biashara ya soko la hisa, na Bob Smith, munganga wa upasuaji, wote wawili walevi, waligundua kwamba kila mumoja alikuwa anasimama akiwa anamusaidia mwingine. Njo mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Kitabu chao kilitoka katika 1939, pamoja na hatua 12: kukubali kwamba umeshindwa, kumutegemea Mungu ginsi unavyomufahamu, kurekebisha mabaya uliyofanyia watu, kusaidia wengine.

Kwa miaka mingi wasomi waliicheka: ni dini yenye kuvaa nguo za dawa. Sasa tuangalie vipimo. Kazi kubwa yenye jina Project MATCH, yenye matokeo ya 1997, iligawanya watu 1,726 kwa matunzo matatu: moja ya kuwaingiza katika hatua 12, moja ya kufundisha namna ya kufikiri na kutenda mbele ya pombe, moja fupi ya kuamsha nia. Zote tatu zilisaidia, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Katika 2020 wachunguzi walikusanya kazi 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakakuta kwamba juu ya kuacha kabisa, njia ya hatua 12 iko sawa ao inapita zingine. Na iko ya bure.

Lakini modeli hii inajieleza vibaya. Inasema nguvu inatoka ku hatua. Wachunguzi waliofuata watu hao wanaona sehemu kubwa ya nguvu fasi ingine: mutu anabadilisha marafiki. Saa kumi na mbili jioni, badala ya kukaa na watu watatu wenye chupa, anakaa na watu kumi na mbili wenye chai, na mumoja atamupigia simu asipoonekana. Ikiwa ni hivyo, hatuna lazima ya kuagiza kitu kutoka Ohio. Likelemba, korali, timu ya mupira, chama cha akiba cha bamama wa kartye, vyote viko na kile kiungo, ikiwa tu vinaamua kupokea mulevi bila kumuonea haya, na ikiwa mukutano hauishiye ku nganda.

Uzaifu wake: mulango ni mumoja tu, kuacha kabisa, leo. Ule mwenye kupunguza kutoka siku saba mpaka mbili anahesabiwa ameanguka. Nitarudia hapo.

4. Modeli ya mazingira

Hii njo ya kwetu vijana. Tunaipenda juu inasema kosa liko inje. Mara mingi tunasikia hadisi ya panya wa Bruce Alexander, ku Vancouver, mwisho wa miaka ya 1970. Panya peke yake ku kizimba anakunywa maji yenye madawa. Panya mwenye fasi kubwa na wenzake anayaacha. Kisha tunamaliza: toa shomaje, na ulevi utaisha.

Tupole kidogo. Ile kazi ilikuwa ya morfini, si ya pombe. Panya walikuwa wachache, na waliorudilia kazi ile hawakupata siku zote matokeo yale yale. Tena, modeli ya mazingira ikiachwa peke yake haiwezi kueleza kitu tunachoona kwa macho: wenye mushahara muzuri wanakunywa, wakubwa wa ofisi wanakunywa, na mashomeri wengi hawagusi glasi. Na ku mizani yetu inakosa jibu. Kesho asubui familia ifanye nini? Ingojee uchumi wa inchi upone? Mulevi wa leo hana wakati huo. Kusema «ni serikali» kunaweza kuwa namna ya kifalsafa ya kumuacha mutu afe.

Lakini kuna mazingira madogo zaidi, yenye kugusika, na hapo modeli hii inapita zote: bei na ukaribu. Katika Scotland, tangu tarehe 1 Mei 2018, sheria ilikataza kuuza pombe chini ya bei fulani kwa kila kipimo cha alkoli, senti 50 za kwao mwanzoni. Uchunguzi uliotoka katika 2023 ulikadiria kwamba vifo vyenye kuletwa moja kwa moja na pombe vilikuwa chini kwa 13.4% kuliko vingekuwa bila sheria ile. Hakuna muhubiri, hakuna munganga, hakuna kikundi katika ile hesabu. Ni bei tu. Tanzania ilikataza pombe kali ya viroba katika 2017, na Uganda ikafuata katika 2019. Huku kwetu, kachupa ka plastiki ka pombe kali kanapatikana karibu na shule, karibu na parkingi ya moto, na mara mingi bei yake iko chini ya sahani ya bugali na samaki. Mutoto mwenye njaa na feza kidogo anafanya hesabu, na hesabu yake haiko ya wazimu.

5. Agronome anaona nini

Ku darasa la magonjwa ya mimea, kitu cha kwanza tulichochora ni pembetatu. Pembe moja ni mumea wenye kuweza kupatwa. Pembe ya pili ni kidudu. Pembe ya tatu ni mazingira: mvua, joto, udongo, kisu cha mulimaji. Ondoa pembe moja, ugonjwa hautokee. Modeli zetu ine, kila moja imeshika pembe moja na inapigana na zingine. Ya zambi na ya ugonjwa zote mbili zinaangalia mutu, moja roho yake, ingine ubongo wake. Ya kikundi na ya mazingira zinaangalia udongo. Na kidudu chenyewe, yaani alkoli yenye kuuzwa bei ya chini, karibu hakuna mwenye kukiangalia isipokuwa wale wa bei.

Wasomi wanajua jambo hili. Katika 1977 munganga George Engel wa Marekani aliandika kwamba ugonjwa wowote uangaliwe kwa mwili, kwa akili na kwa jamii pamoja. Leo kila mutu anarudilia lile neno. Shida ni kwamba ukisema «ni vyote», mara mingi haufanye kitu. Pembetatu inasaidia paka ikiwa inakuambia pembe gani uanze nayo.

Hapa mugomba unaweza kutufundisha. Ugonjwa wa kukausha migomba, ule wa bakteria Xanthomonas, ulionekana Masisi katika 2001 na ukateremuka mpaka Kivu ya Kusini. Shauri la kwanza la wataalamu lilikuwa safi kabisa: ng'oa kitindo chote, choma, ngoja, panda upya. Kisiyanse hakuna kosa. Lakini bamama hawakulifuata. Kung'oa kitindo chote ni kazi nzito, na familia inabaki miezi mingi bila chakula na bila feza. Kisha wachunguzi wakajaribu pamoja na walimaji kitu chepesi: kata tu shina lenye alama, mara unapoliona, pitisha kisu ku moto, ondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, na ufanye hivyo kila juma pamoja na majirani. Bakteria haikuisha. Lakini ugonjwa ulishuka mpaka kiasi chenye kuacha shamba liishi.

Njo jibu langu kwa wale wa «kuacha kabisa, leo, ao usije». Lengo lile ni zuri, na kwa mwenye hali nzito njo salama kuliko yote, akisaidiwa na munganga. Lakini dawa kamilifu ambayo watu hawawezi kuifanya inashindwa na dawa ya nusu yenye kufanywa na wengi kwa muda murefu. Mutu aliyepunguza, aliyeacha pombe kali, aliyelipa minervale mwezi huu, amekata shina moja. Tusimutupie kitindo chote usoni.

Lakini mufano wangu uko na mupaka. Mugomba hauahidi, hauvunje ahadi, hauone haya, haupige bibi. Mutu anafanya vyote. Kwa hiyo modeli ya zambi inarudi na sehemu yake: ugonjwa hauondoe haki ya bibi kujilinda pamoja na watoto leo, bila kungojea bwana apone. Kumutunza mutu na kumukataza kuumiza wengine vinaweza kwenda pamoja, na familia yenye kulazimishwa kuchagua kimoja imedanganywa.

6. Kuanzia wapi

Nikiweka mizani chini, sioni modeli yenye kushinda. Ninaona mupangilio. Kwanza uhai: mwenye kutetemeka ao aliyeanguka kifafa aende ku santre de sante, asifungiwe. Modeli ya ugonjwa njo inaongoza hapo, na zingine zinyamaze siku chache. Pili watu: akirudi, nani atakaa naye saa kumi na mbili jioni? Hapo kikundi njo kinaongoza, na maombi yako na fasi yake. Tatu bei: hiyo ni kazi yetu wote ku kartye na ku mukoa. Na katika kila hatua, walioumizwa wasikilizwe.

Juu ya hatua ya kwanza, tusiseme «hatuna wataalamu». OMS ilianzisha katika 2008 programu ya kufundisha waganga na wauguzi wa kawaida, wasio wa akili, kutunza magonjwa ya namna hii, ulevi ndani yake, na tangu 2010 iko na kitabu cha kuwaongoza. Hapa Bukavu kuna SOSAME ya Bafrère ya Charité, lakini mutu wa Kalehe ao wa Mwenga hawezi kufika siku ileile ya kifafa. Muuguzi wa karibu njo mwenye atamupokea.

Na sisi wenye diploma? Tukumbuke kwanza wengi wetu tulisomeshwa na kasiksi. Mama alikamua ndizi, akauza, akalipa iniversite. Kwa hiyo tusipande mezani kuhubiri juu ya walevi wa kijiji. Ninapendekeza vitu viwili ambavyo chama chetu kinaweza kufanya bila bajeti. Cha kwanza: kila mumoja aende ku santre de sante ya kwao aulize kwa heshima: mutu akija hapa anatetemeka juu ya kuacha pombe, muko na B1 na dawa ya kumutuliza? Nani hapa alijifunza kumutunza? Jibu tulilete, tutengeneze liste ya zone kwa zone. Cha pili: ku fete zetu za difansi, meza ya ndugu asiyekunywa iwe na kitu cha maana, si chupa moja ya maji ya moto ku kona. Kuna mumoja kati yetu anayejaribu kuacha mwaka huu, na hajatuambia. Akiona meza ile, atajua anaweza kubaki na sisi mpaka fete iishe.